Monsenyeri, Kasuku na Sauti ya Papa Gaspari

Vijana wa atelie, karakana yetu, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi ya sauti zamani hapa Uvira. Nadhani mlitaka pia nikae nyumbani kidogo, maana tangu nistaafu nimekuwa nikija kila asubuhi kuwaonyesha namna ya kushika turnevisi, hiyo bisibisi. Sawa, nitaandika. Mishahara na vyeo nitaviruka: mshahara ulikuwa mdogo, na cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, fundi. Nitaandika juu ya lile swali mnalobishania kila sanduku jipya linapofika, kama namba zilizochapwa kwenye karatasi ya mashine zinaweza kukuambia mashine itasikikaje. Mimi jibu lake nililipata miaka ya hamsini, kwenye uwanja wa misheni ya Sange, kwa msaada wa mbuzi. Mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu, na mke wangu ananiuliza kama nimepandwa na homa.

Kabla ya hapo nilikuwa bandarini Kalundu, nasoma maandishi ya Kifaransa kwenye masanduku na kuwaambia wapagazi lipi linakwenda wapi. Kwa hiyo nilipochukuliwa kwenye duka la redio na gramofoni karibu na soko, nilichukuliwa kwa sababu ya kusoma, si kwa sababu nilijua chochote. Mwenye duka alikuwa Mgiriki aliyeishi Usumbura, akivuka kuja kwetu mara moja moja kutazama kama duka bado lipo. Fundi mkuu, na kwa kweli mwenye amri yote, alikuwa Muzee Ramazani, Mwislamu wa pale pale Uvira ambaye babu zake walikuja na biashara ya ziwa na hawakuona sababu ya kurudi. Alikuwa mwembamba, na alifumba macho kila alipokaza bisi, yaani skrubu, eti macho yanamchanganya mkono.

Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe nikitegemea kupewa chuma cha kulehemu. Muzee akaniweka nitazame ukuta. Kazi yangu mpaka mchana ilikuwa kumtaja kila aliyeingia dukani kwa kusikia sauti yake tu. Mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, nilimwita polisi, na polisi nilimwita mama. Wote wawili walirudi baada ya chakula kuja kunitazama vizuri, na yule mama akaniachia ndagala za pole. Jioni nilikwenda zangu nyumbani Kilibula nikiwa na shingo ngumu na furaha isiyo na maana, kama mtu aliyealikwa kwenye mchezo ambao hajui sheria zake.

Sheria zake nilizijua baadaye. Kati ya duka na karakana palining'inia pazia la kitenge, na hakuna ampli ya kukuza sauti wala kipaza sauti kilichotoka pale bila kupita kwenye pazia hilo. Mteja alikaa nyuma na mikro mkononi, akasema lolote lililomjia. Mbele alikaa mtu anayemfahamu, mke au jirani. Huyu akisema, "Iko fulani," yaani ndiye yeye, mashine inafungwa kamba inakwenda nyumbani. Akikosea, inarudi mezani. Muzee hakutaka kusikia habari ya wati wala mitetemo kwa sekunde. Mimi nilizipenda sana karatasi zile, nilizisoma kama wengine wanavyosoma barua za posa, na nilimsomea kwa sauti wakati analehemu. Alinijibu kwamba karatasi haijawahi kuitwa na mama yake.

Pazia nalo lilikuwa na vituko vyake. Tajiri mmoja wa ng'ombe kutoka Luberizi alileta ampli iliyokuwa ikikatika kila jioni. Tulipoifungua tulikuta mjusi amelala kati ya lampu za kioo zinazokuza sauti, anaota joto. Tukamtoa, tukasafisha, na mteja akaenda nyuma ya pazia. Mbele tulimweka mkwe wake, binti aliyeolewa na mwanawe msimu ule ule. Tajiri akasema maneno mawili tu. Binti akajifunika kanga usoni, akainuka, akatoka nje bila kusema kitu. Tukajua mashine imeharibika vibaya. Tulikaa mchana kutwa tukibadilisha lampu moja baada ya nyingine, Muzee akimlaani mjusi na kizazi chake chote, mpaka muuza maziwa, Murundi wa bondeni, alipoingia akatuuliza kwa upole kama hatujui kwamba kwao mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Yule binti alikuwa ameitambua sauti kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kile kiti. Muzee alicheka mpaka akaangusha miwani ndani ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka.

Basi likaja sanduku. Mgiriki alilileta mwenyewe kwa boti, na ndani yake mlikuwa na ampli moja na vipaza sauti viwili vya mbao iliyong'arishwa, vimevikwa kitambaa cha zambarau kama askofu. Mara moja tukaiita Monsenyeri. Karatasi yake ilikuwa kurasa kadhaa, na mimi niliisoma nimesimama. Wati thelathini! Kutoka ngoma nzito kabisa mpaka mlio wa nyenje, yote imo, na kuharibu sauti karibu hakuna. Tulipoweka sahani ya gramofoni, watu walitoka sokoni wakaja kusimama mlangoni. Gitaa lilikuwa karibu mno hata mtu mmoja alitazama nyuma ya sanduku kumtafuta mpigaji. Muzee akafumba macho bila ya kuwa na bisi mkononi. Kwa mara ya kwanza karatasi yangu na masikio yake vilikubaliana, na tulipeana mikono kama mawaziri.

Pembeni ya Monsenyeri, juu ya rafu, alikaa Kasuku. Kasuku alikuwa kipaza sauti cha bati chenye mdomo wa tarumbeta na ampli yake ndogo, cha kufungwa juu ya lori kutangaza sinema na mnada. Karatasi yake ililiwa na mchwa zamani, na sidhani mchwa walifaidi kitu. Kwenye kibati chake palikuwa na namba mbili, na zote zilitia huruma. Ngoma hakuijua, nyenje hakumjua. Kila aliyesema ndani yake alitoka amebanwa pua. Muzee hakuwahi kumpitisha kwenye pazia, alisema ni kumdhalilisha.

Hapo ndipo anapoingia Venansia. Alikuja kutoka Sange na baba yake, na mimi nilikuwa nampenda tangu alipokuja kununua sindano za gramofoni ya shule na kunisahihisha hesabu. Nasema hivyo wazi, sina sababu ya kuficha, nimemuoa. Baba yake, Papa Gaspari, alikuwa katekista wa misheni. Tangu misheni ikiwa nyumba ya nyasi, yeye ndiye aliyesimama mbele siku ya sikukuu kubwa ya Agosti kuongoza litania na kusoma majina ya watoto wa kipaimara. Sasa watu walikuwa wamekuwa wengi, misa ilifanyika uwanjani, na sauti yake ilikuwa imekonda. Padri, mtu mwema, alimwambia kwamba kama mwaka huu watu wa nyuma hawatamsikia, mwalimu kijana wa Luberizi mwenye kifua cha fahali atashika nafasi, na yeye Gaspari atapumzika.

Alitueleza hayo kwa utulivu, kofia magotini. Neno lile "kupumzika" alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa. Mwaka huu nimeambiwa mimi, na sasa ninajua lina uzito gani. Siku ile nilimwona tu baba wa Venansia ana huzuni, na mimi nina wati thelathini.

Tukamweka nyuma ya pazia na Monsenyeri. Venansia akakaa mbele. Papa Gaspari akaanza litania, na ndani ya lile duka kila kitu kilisikika, midomo ikigusana, pumzi ikiingia, mate yakimezwa. Venansia akageuka, uso wote unacheka.

"Iko papa," alisema. "Iko papa kabisa, hata vile anavutaka pumzi."

Tukafunga mzigo. Niliona mbele yangu harusi yangu mwenyewe, na Monsenyeri akipiga muziki.

Tulikwenda Sange siku moja kabla ya sikukuu, kwa lori la duka, betri nyuma pamoja na Monsenyeri aliyefunikwa mablanketi kama mgonjwa. Juu ya kichwa cha lori tulimfunga Kasuku, kwa sababu padri aliomba tutangaze sikukuu njiani. Tangu Kavimvira mpaka bondeni Muzee Ramazani, Mwislamu safi, aliwaita watu waje misani kwa bidii ambayo padri mwenyewe angeionea wivu. Akinamama kwenye mashamba ya mpunga waliinua migongo wakamjibu. Mmoja alimuuliza kama na yeye atakomunika. Tulicheka mpaka dereva akasimamisha gari.

Uwanjani tukapanga vipaza sauti viwili pande zote mbili za altare, nikavifuta vumbi kwa shati langu. Venansia alitembea mpaka mwisho wa uwanja, pale mtaro wa maji unapoanza na mpunga baada yake. Tulikubaliana kwamba akisikia maneno, atainua kitenge. Papa Gaspari akasimama mbele ya mikro, akasoma majina. Kitenge hakikuinuka. Nikaongeza sauti. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, na maneno yalitoka kwenye yale masanduku yakiwa mazuri na mapana, yakafika katikati ya uwanja yakalegea, yakawa mngurumo tu. Nikaongeza tena, Monsenyeri akapiga yowe kali hata njiwa wa paa la kanisa wakahama. Nikapunguza. Kitenge bado kilikuwa chini.

Venansia alirudi polepole. Nilimwambia, nikijitetea, kwamba dukani yeye mwenyewe alisema ni baba yake kabisa.

"Njo vile," alinijibu, yaani ndivyo hasa. "Iko papa. Na papa mwenyewe, bantu ya nyuma habamusikiake. Umemufanya mukubwa tu, Anselmi, lakini iko yeye."

Sijawahi kusomewa karatasi ya mashine iliyo sahihi kuliko ile. Sauti iliyokonda ikikuzwa kwa uaminifu inakuwa sauti kubwa iliyokonda. Namba zangu ziliahidi kwamba hakuna kitakachopotea wala kuongezwa, na zilitimiza ahadi. Masikio ya Muzee yaliahidi hivyo hivyo. Tulikuwa tumekosea wawili, kila mmoja kwa njia yake, na nilitamani mtaro ule uwe na kina zaidi nijitupe. Papa Gaspari alikuwa amekaa kwenye ngazi ya altare, anakunja vizuri karatasi ya majina, akasema kwa sauti yake ndogo kwamba si kitu, atapumzika, mwalimu ni kijana mzuri. Venansia aliangalia pembeni. Niliumia sana.

Ndipo mbuzi akaja. Mbuzi mweupe, mnene, alitoka sijui wapi akaanza kutafuna waya wa betri zetu. Nilimfukuza, akazunguka akarudi upande wa pili. Mwenye mbuzi tulimwona mbali, ng'ambo ya mtaro, mbele sana ya pale aliposimama Venansia, ameinama anapanda mpunga, mgongo umetugeukia. Muzee Ramazani, aliyekwisha kukasirika na mambo yote, alipanda kwenye lori akashika mikro ya Kasuku.

"Mama wa mbuzi mweupe," alisema, na hata hakupaza sauti. "Kuya ukamate mbuzi yako, iko nakula waya yetu."

Yule mama akainuka. Akaruka mtaro, akaja mbio uwanja mzima ameshika sketi mkononi, anaomba radhi kabla hajafika.

Muzee alitazama mikro, akamtazama Kasuku, akakaa chini juu ya betri akaanza kucheka, cheko la mtu anayesalimu amri. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupanda lori. Nilimuuliza yule mama alisikia nini hasa, akanirudishia maneno yote kwa mpangilio, mbuzi, rangi yake na waya. Nilitaka kumkumbatia. Nikamkumbatia mbuzi.

Niwaeleze kwa lugha ya kazi, halafu tuendelee. Maneno ya mtu hayakai kwenye ngoma wala kwenye nyenje, yanakaa katikati. Monsenyeri aligawa nguvu zake kila mahali na kila upande, kama tajiri siku ya harusi. Kasuku alikuwa maskini, alichokuwa nacho chote alikiweka katikati, na ule mdomo wa tarumbeta ukakitupa njia moja tu, mbele. Kwa hiyo kile kibati chenye namba za kutia huruma kilikuwa kimeandika ukweli mtupu, na hata zile namba zilikuwa zinatuambia hasa tulichohitaji. Sisi tulizisoma kama aibu. Karatasi ya Monsenyeri nayo haikusema uongo. Ilijibu vizuri sana swali la chumba, na sisi tukaenda nayo shambani.

Likabaki jambo moja. Tulimpa Papa Gaspari mikro ya Kasuku, na Venansia akarudi mtaroni. Kila jina lililosomwa, kitenge juu. Juu, juu, juu, mpaka nikadhani ataruka nacho. Lakini aliporudi alikuwa anacheka nusu.

"Maneno nimesikia yote," alisema. "Muntu, hapana. Kama sikumuona na macho, singejua iko papa."

Papa Gaspari aliinamisha kichwa. Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa kweli. Kunyamaza alikuwa ameanza kukuzoea. Lakini kusimama mbele ya watu aliowafundishia watoto, na watu wale wasikie mgeni, hilo hakulifikiria kabla. Muzee Ramazani, ambaye maisha yake yote aliishi kwa sheria ya pazia, alimzima Kasuku akashuka kwenye lori. Tulimwachia Papa Gaspari mwenyewe achague. Akasema kwamba watoto wa kipaimara wanahitaji kusikia majina yao, na yeye hahitaji kusikika ni nani.

Asubuhi ya sikukuu uwanja ulijaa mpaka mtaroni, na wengine walivuka wakakaa kwenye kingo za mpunga. Kasuku alikuwa juu ya nguzo karibu na altare, nimemfunga kwa kamba za katani, mdomo unatazama watu. Padri alinitazama, akamtazama Kasuku, akafanya ishara ya msalaba ambayo haikuwa sehemu ya misa. Papa Gaspari akasogea kwenye mikro.

Siku moja kabla alikuwa amesoma majina huku upepo ukivuma kwa nguvu, macho kwenye karatasi, na lile tarumbeta lilitupa sauti mbali naye. Sasa hapakuwa na upepo. Alisema maneno ya kwanza, sauti ikaenda, ikagonga ukuta wa shule ya misheni kando ya uwanja, ikamrudia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijisikia. Akakatiza maneno. Akageuka nyuma kutazama nani yuko pale. Hakukuwa na mtu. Akarudi kwenye mikro, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akauliza.

"Nani iko nasema?"

Kasuku akalipeleka swali lile mpaka kwenye mpunga, wazi, amebana pua. Halafu jibu likaja, na halikuanzia mbele. Lilianzia mbali, kwenye kingo za mpunga, sauti za wanawake, kisha katikati, kisha wote.

"Iko weye, Papa Gaspari!"

Wakacheka, na yeye akacheka ndani ya mikro, na lile cheko lake lililobanwa pua likatoka juu yetu likawachekesha tena. Padri alijifunika uso kwa kitabu. Muzee Ramazani, aliyekuwa nyuma ya lori akijifanya analinda betri, alilia waziwazi na akasema ni moshi, na moshi haukuwapo. Mimi nilikuwa na wazimu wa furaha, nilimshika Venansia mkono mbele ya parokia nzima na yeye hakuutoa. Papa Gaspari aliposoma majina, kila mtoto alisimama kwenye jina lake, mmoja baada ya mwingine, hata wale wa mwisho kabisa.

Aliendelea kusoma kila Agosti, miaka mingi. Mwalimu wa Luberizi alishika kwaya, na Monsenyeri akanunuliwa na misheni, akawekwa ndani ya kanisa kwa ajili ya nyimbo. Humo hakuna aliyemfikia, msije mkasema nilimdharau. Muzee Ramazani hakuondoa pazia. Aliongeza kiti cha pili, nje, ng'ambo ya barabara, na kila mashine iliyopita pazia ilibidi maneno yake yajibiwe na aliyekaa kule, pamoja na malori na kelele zote za soko. Mimi niliendelea kusoma karatasi, kila ukurasa. Ila kabla ya kusoma nilijifunza kumuuliza mteja atasemea wapi, na nani lazima amsikie.

Siku mliponiaga mlinipa ile redio-kaseti yenye mikro, na kitabu chake cha namba kinene kuliko katekisimu. Nimekisoma chote, asanteni. Kisha nilimwomba Venansia akae sebuleni anipe mgongo, nikaenda chumbani, nikafunga mlango, nikashika mikro nikauliza, kwa sauti nzito ya mtu mstaafu, ni nani anayesema.

"Iko weye," akajibu bila kugeuka. "Punguza."